Gari imekwaruzwa: kompaundi, brashi, kopo la spreyi au fundi rangi wa mtaani?

Juzi asubuhi jirani kanigongea geti na simu mkononi, ananionyesha picha ya mlango wa gari yake. Bajaji ilimpitia kwenye foleni ikamwachia mstari kuanzia karibu na kitasa mpaka fenda ya nyuma. Swali lake ni lile lile ambalo watu wengi hapa Dar wanajiuliza wakishakwaruzwa, ninunue kopo la spreyi nimalize mwenyewe au nimpe fundi rangi? Nikamwambia picha haitoshi, twende kwenye gari na ndoo ya maji.

Tukaumwagia ule mstari maji. Sehemu kubwa ikapotea, yaani pakiwa na maji huoni kitu, pakikauka mstari unarudi mweupe. Hapo jeraha liko kwenye klia tu, lile tabaka la juu kabisa lisilo na rangi, rangi yenyewe chini iko salama. Halafu kule karibu na fenda, kipande cha urefu wa kidole, maji hayakuficha kitu, ukipitisha kucha inanasa, na ukisogeza jicho unaona kijivu cha praima, ile rangi ya kwanza inayokaa juu ya bati, na katikati yake nukta mbili tatu zinang'aa, bati tupu. Mkwaruzo mmoja, matibabu mawili tofauti, na hakuna hata moja kati ya hayo mawili lililohitaji kopo la spreyi.

Ndo maana nimeamua kuandika hii kitu kwa kirefu. Watu wanachagua kwa kuangalia urefu wa mkwaruzo, ukiwa mrefu wanaogopa wanakimbilia gereji, ukiwa mfupi wanasema ah kopo moja linamaliza. Urefu haukwambii chochote, kinachoamua ni kina. Mstari wa mita moja ulioishia kwenye klia unaisha kwa kitambaa na kompaundi, ile dawa nzito ya kusugulia na kung'arisha rangi, ndani ya saa moja, wakati nukta ndogo kama punje ya mchele iliyofika kwenye bati, ukiiacha hapa pwani kwenye upepo wa chumvi, masika moja tu inatosha kukuletea kutu inayotambaa chini ya rangi nzima.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, osha pale mahali kwa sabuni, mwagia maji, pitisha kucha, halafu angalia rangi ya chini kabisa ya jeraha. Likipotea kwa maji ni klia. Ukiona kijivu ni praima. Ukiona kinang'aa ni bati na una haraka. Kahawia ni kutu, umeshachelewa kidogo. Na kama ni bampa utaona plastiki nyeusi, hiyo haioti kutu, hata ukikaa nayo mwaka mzima ni uzuri tu unapotea, kwa hiyo kama hela ni ya kubana bampa iwe ya mwisho siku zote.

Kitu kingine, wakati mwingine unachokiona siyo mkwaruzo wako kabisa, ni rangi ya yule aliyekugusa imebaki juu ya rangi yako. Mstari mweupe kwenye gari nyeusi, au njano ya nguzo ya kwenye maegesho. Hiyo inatoka kwa kompaundi na kusugua taratibu, na nimeshaona mtu amepakwa puti, ule udongo wa kujazia mabonde, mlango mzima kwa kitu cha namna hii.

Kompaundi au dawa ya meno

Dawa ya meno inafanya kazi kidogo, siyo uongo, kwa sababu ndani yake kuna unga laini wa kusugulia. Ila ni laini mno, itakufutia alama za kucha pale kwenye kitasa, zaidi ya hapo utasugua mpaka mkono uume. Kopo dogo la kompaundi nililonunua mimi lilikuwa elfu kumi na mbili na limenitumikia zaidi ya mwaka, kwa hiyo sioni sababu ya kuhangaika na dawa ya meno labda usiku na maduka yamefungwa. Mafuta ya taa na dizeli ndo kabisa achana nayo, yanang'arisha kwa siku moja, kesho vumbi lote la barabarani limegandia pale.

Sasa kompaundi nayo ina mwisho wake, na hapa watu wanajiumiza bila kujua. Rangi yote ya kiwandani kwenye gari, kuanzia praima mpaka klia, unene wake unakaribia karatasi moja ya kuprintia, kama sehemu ya kumi ya milimita au zaidi kidogo, na klia peke yake ni kama theluthi moja ya hapo. Kila ukisugua unakula klia. Ukisugua sehemu moja kila mwezi, hasa kwenye kona na kingo ambako rangi ni nyembamba, siku moja kitambaa kitaanza kutoka na rangi ya gari na hapo klia imekwisha, hakuna polishi inayorudisha. Kwa hiyo kompaundi ni kwa kile kilichopotea kwa maji tu, na kama kucha inanasa usijaribu kuufukuza mkwaruzo kwa kusugua, hamishia nguvu kwenye brashi.

Brashi au kopo la spreyi

Hapa ndo penye ubishi na hapa ndo nina la kusema zaidi, kwa sababu nimefanya vyote viwili kwenye gari yangu mwenyewe, Toyota Premio ya silva ya 2008.

Kopo la spreyi linavutia kwa sababu linaonekana rahisi, unatikisa unapuliza umemaliza. Mi nilichubuka mlango wa nyuma, sehemu ndogo kama kiganja. Nikanunua kopo limeandikwa silva, nikabandika tepu ya karatasi kuzunguka lile jeraha kabisa kabisa, magazeti pembeni, nikapuliza. Nilipobandua tepu nikakuta kiraka. Kina ukingo mkali unaouhisi kwa kidole, na silva yenyewe imetoka nzito, giza kuliko mlango. Nilikosea vitu vitatu kwa mpigo na karibu kila anayeanza anavikosea.

La kwanza, silva siyo rangi moja. Fungua boneti, kwenye ukuta wa nyuma wa injini kuna kibati kidogo, tafuta panapoandikwa C/TR, pale ndo namba ya rangi ilipo. Yangu ni 1F7. Nyeupe ya kawaida ya Toyota ni 040, nyeusi ya kawaida ni 202. Gari nyingine kibati kiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Unaenda na hiyo namba kwenye duka linalochanganya rangi, na usisahau kwamba gari iliyokaa juani miaka kumi na tano imeshapauka, kwa hiyo hata namba ikiwa sahihi omba wakulinganishie na kifuniko cha tangi la mafuta, kinafunguka unaenda nacho mkononi.

La pili ni ile tepu. Tepu haikati katikati ya bati, inakaa kwenye mkunjo wa bodi au kwenye ukingo wa mlango, ili mwisho wa rangi mpya ujifiche. Ukilazimika kuishia katikati, kunja tepu nusu irudi nyuma iwe kama mrija, rangi ipite chini yake ikififia yenyewe.

La tatu, rangi za metaliki zina vipande vidogo vidogo vya alumini ndani yake, ukipuliza mvua mvua vinazama na kulala vibaya rangi inakuwa giza, ukipuliza kavu kutoka mbali inatoka nyeupe zaidi. Yaani rangi ile ile, kopo lile lile, mikono miwili tofauti, rangi mbili. Ndo maana kila siku nasema mwenye gari nyeupe 040 ana bahati, ile haina vipande, inamsamehe anayejifunza. Mwenye silva ajaribu kwanza kwenye kipande cha bati au kopo kuu kuu, aache likauke, aweke pembeni ya gari aangalie mchana. Na mwenye nyeupe ya lulu, ile 070 inayobadilika ukiizunguka, asishike kopo kabisa. Ile ina tabaka tatu, nyeupe ya chini, lulu juu yake halafu klia, na ile lulu ikizidi hata pulizo moja rangi inahama.

Kwa kopo unahitaji praima, rangi na klia, makopo matatu, ongeza msasa wa namba tofauti tofauti, tepu, kitambaa. Mimi jumla ilifika kama elfu arobaini. Fundi wa mtaani mlango mzima alinitajia elfu themanini. Tofauti ni elfu arobaini na matokeo hayafanani hata kidogo, na mwisho nikamlipa hiyo themanini pia, maana ilibidi akwangue kiraka changu kwanza.

Brashi sasa. Nunua robo lita ya rangi yako, ndicho kipimo kidogo ambacho duka ninalokwenda mimi wanakubali kuchanganya, mimina kidogo kwenye kichupa cha kioo chenye kifuniko kinachobana, nyingine gawana na mwenye gari ya namba hiyo hiyo mtaani. Kama kifuniko cha kichupa kina brashi yake usipake nayo, ni nene mno, utaacha donge. Tumia kijiti cha kuchokolea meno au brashi nyembamba ya mchoraji.

Safisha jeraha kwa spiriti. Thina kaa nayo mbali kama hujui historia ya gari, maana iliyowahi kurudiwa rangi kwa bei rahisi inaweza kuyeyuka mbele ya macho yako. Kama kuna kutu ikwangue kwa ncha ya sindano mpaka uone bati linang'aa, ukiacha hata chembe itaendelea chini kwa chini. Kwenye bati tupu tia praima tone moja, lisambae lenyewe, subiri likauke. Halafu rangi, tabaka jembamba, subiri nusu saa au zaidi, tena, tena, mara tatu nne mpaka ijae ikaribie usawa. Lala nayo. Kesho yake tia klia mpaka ipande juu kidogo ya rangi ya pembeni.

Sasa hapa ndo pa kuvumilia. Kaa wiki nzima usiguse, rangi ikikauka inasinyaa. Baada ya hapo chukua msasa wa maji namba 2000, ufunge kwenye kifutio cha penseli, siyo kidole, kwa sababu kidole kinachimba na kifutio kinakata kile kilichosimama juu tu, tia maji yenye sabuni kidogo, sugua taratibu huku unafuta na kuangalia. Kivimbe kikishuka usawa acha palepale. Patakuwa na ukungu wa msasa, malizia na kompaundi. Ukisimama hatua mbili kutoka kwenye gari huoni. Ukiinama utaona, sikudanganyi, brashi haipotezi kabisa, hasa kwenye metaliki ambako inabaki nukta yenye giza kidogo. Lakini bati limefungwa, maji hayaingii, na hujagusa hata sentimita moja ya rangi nzima ya kiwandani pembeni, na hiyo ndo tofauti kubwa, kopo linakulazimisha kukwangua eneo kubwa la rangi nzima ili kufunika jeraha dogo.

Kwa hiyo wapi kopo linashinda? Lina mahali pake. Vifuniko vya vioo vya pembeni, rimu za chuma, sehemu ya chini ya mlango chini ya mkunjo, bampa la rangi isiyo na metaliki, vipande ambavyo unaweza kuvifungua ukavipuliza vyote kuanzia ukingo mpaka ukingo bila kuunganisha na rangi ya zamani. Kwa bampa na plastiki zote nunua na praima ya plastiki, bila hiyo rangi itabanduka kama ganda la kitunguu siku ukiosha gari kwa mashine ya presha. Tikisa kopo dakika mbili kamili tangu kigololo kianze kulia, puliza kutoka umbali wa shubiri moja na zaidi kidogo, anza nje ya kipande na maliza nje, tabaka nyembamba tatu au nne zenye dakika kumi na tano katikati.

Klia ya kopo la kawaida haivumilii petroli, kwa hiyo karibu na mdomo wa tangi usiitumie, mpiga pampu akimwaga matone mawili inalainika na kuacha alama. Zipo zenye hadina ndani yake, ile kemikali ya kuifanya klia iwe ngumu, unabonyeza kitufe chini ya kopo hadina inachanganyika, zinakuwa ngumu kweli na zinavumilia petroli, ila ukishabonyeza una siku moja au mbili tu kopo linaganda. Na ile hadina ni hatari kwa mapafu, barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii kitu, inatakiwa ile yenye vichujio vya kemikali na nje kwenye hewa. Kama huna usiinunue, tafadhali, na kama una mtoto au mtu mwenye pumu nyumbani ndo kabisa.

Kopo lako au fundi chini ya mwembe

Ikishakuwa imebonyea, au jeraha limezidi kiganja kwenye mlango au boneti ya metaliki, mpe fundi. Ana kompresa, ana bunduki ya kupulizia, anaweza kufifisha rangi mpaka kwenye kipande cha jirani ili jicho lisione tofauti, kitu ambacho kopo halikupi. Lakini mafundi hawafanani na mi huwa naangalia kitu kimoja kabla ya bei, anavyosugua puti. Puti ya gari inanyonya maji. Akiisugua na msasa wa maji huku anamwagia, yale maji yanabaki ndani, anapiga rangi juu unafurahi, miezi kadhaa baadaye unaona malengelenge yanainuka na kutu inachungulia. Puti inasuguliwa kavu. Ukimkuta fundi anasugua puti kavu, vumbi limemjaa kichwani, huyo kaa naye.

Muulize na klia anayopiga, ya hadina au ya kuchanganya na thina peke yake. Ile ya thina inang'aa siku ya kwanza halafu jua la Dar linaimaliza mapema. Mwambie akuonyeshe gari aliyoipiga mwaka jana, siyo ya wiki iliyopita.

Na usikubali gari ikae na praima ya kijivu tupu kwa miezi eti unatafuta hela ya rangi. Naziona nyingi sana barabarani. Praima nyingi za kujazia zina vitundu, maji yanapita yanafika kwenye bati, na mvua zikianza kutu inaota chini yake bila wewe kuona. Kama hela haijatimia ni bora uache rangi ya zamani na ufunge majeraha kwa brashi, upeleke siku una hela ya kazi nzima.

Kuna tatizo moja ambalo hakuna njia ya nyumbani inayolishinda, klia iliyobabuka juu ya paa na boneti, yale mabaka meupe kama ngozi inayobanduka. Jua ndo linafanya hivyo. Kompaundi itazidi kubandua, brashi haiwezi eneo lile, kopo kwenye paa zima litatoka na mistari. Hapo ni kukwangua paa lote na kupiga upya, hela yako itunze kwa hiyo, wakati unasubiri egesha kivulini.

Majira nayo yasikupite. Kwenye unyevu mwingi rangi inayokauka haraka inashika ukungu mweupe, na masika hapa unyevu haupungui kirahisi. Mi napenda Juni mpaka Agosti, kuanzia saa tatu nne asubuhi umande ukishakauka, kivulini, bati likiwa la baridi. Bati lililopigwa na jua la saa saba linakausha rangi kabla haijatulia, inabaki na vipele kama ganda la chungwa.

Turudi kwa jirani. Sehemu ndefu tuliimaliza siku ile ile kwa kompaundi yangu na fulana kuu kuu, nusu saa hivi. Kile kipande cha kidole tukakitia praima, kesho yake rangi, keshokutwa klia. Yeye ametoa hela ya rangi tu, elfu kumi na tano, na iliyobaki iko kwenye kichupa kabatini kwake. Saizi pana kivimbe kidogo kinachong'aa kuliko mlango wote na mke wake ameshauliza mara mbili kama ndo pameisha hivyo. Bado. Jumamosi inatimia wiki, atakuja na msasa namba 2000, kifutio ninacho mimi.